Poda imeelea juu ya maji. Je, sumu imetoka?

*Swali: Mama yangu ana miaka 61 na magoti yanamsumbua. Jirani amemletea kutoka India poda ya kijivu, laini kama poda ya watoto, wanaiita bhasma. Muuzaji alisema ni madini yaliyosafishwa mara saba kwa mafuta, mtindi na mkojo wa ng'ombe, kisha yakachomwa mpaka sumu yote ikatoka. Akafundisha na namna ya kuhakiki: unainyunyiza juu ya glasi ya maji, ikielea ni safi. Imeelea kweli, nimeona kwa macho yangu. Mimi nimejifungua miezi mitatu iliyopita na mama ananihimiza nami nilambe kidogo na asali nipate nguvu. Je, kusafisha huko kunaondoa sumu kweli? Msomaji, Tanga.*

Dada yangu, hongera kwa mtoto. Nianze na la haraka: usilambe, na mama naye aisimamishe poda hiyo leo hii mpaka ijulikane ni ya madini gani. Mengine yote yanaweza kusubiri chai iive.

Sasa swali lenyewe, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani. Muuzaji hakumdanganya mama kuhusu utaratibu. Mafuta, mtindi, mkojo wa ng'ombe, mara saba: hayo yamo katika vitabu vya Kisanskriti vya karne nyingi na yanafanyika mpaka leo. Palipoharibika ni kwenye neno moja tu, "kusafisha".

Ndani ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuna tawi liitwalo rasashastra, elimu ya zebaki na madini. Mapokeo yanamtaja Nagarjuna kuwa baba yake, na kitabu kinachotajwa sana, Rasaratnasamuccaya, huhesabiwa kuwa cha karibu karne ya 13. Kazi yake ina hatua kuu mbili. Ya kwanza ni shodhana, ndiyo hiyo kusafisha. Ya pili ni marana, maana yake kuua: madini "yanauawa" kwa moto yawe jivu, na jivu hilo ndilo bhasma. Ukiwahi kusikia waganga wa tiba ya Kiyunani wakitaja kushta, ni ndugu yake. Neno hilo ni la Kiajemi na maana yake ni ileile, kilichouawa.

Nilisomea ufamasia Gujarat, India, na Jumamosi nilikuwa nikienda kuchungulia karakana ya chuo cha Ayurveda cha jirani. Walinizoea mpaka wakawa wananipa mchi.

Utaratibu wa jumla wa metali ni huu. Bamba jembamba la shaba au chuma linatiwa motoni mpaka liive jekundu, linazamishwa kwenye mafuta ya ufuta. Linatolewa, linarudishwa motoni, linazamishwa tena, mara saba. Halafu mtindi mara saba, mkojo wa ng'ombe mara saba, uji wa mchele uliochacha mara saba, na mwisho maji yaliyochemshiwa kulattha, punje za jamii ya kunde, mara saba. Jumla mara 35. Joto na baridi vikipokezana hivyo bamba linachoka. Linapasuka nyufa ndogondogo, linabanduka magamba, mpaka mwisho unalivunja kwa vidole kama biskuti. Asidi ya mtindi na ya ule uji inakula tabaka la juu. Kwa hiyo kuna kitu halisi kinatokea pale, na mtu anayesema ni mazingaombwe hajasimama karibu na tanuri.

Risasi na bati haviwezi kufanyiwa hivyo kwa sababu vinayeyuka mapema. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Hivyo humiminwa ikiwa uji. Lakini ukimimina metali iliyoyeyuka kwenye kimiminika chenye maji, mvuke unalipuka na kuirusha usoni. Wazee wa kazi hiyo walitengeneza chombo chake maalumu: chungu chenye kifuniko kizito kilichotobolewa tundu katikati. Unamimina kupitia tundu, unaruka nyuma. Siku niliyoshuhudia, kifuniko kilitetema kama sufuria ya mahindi yanayochemka, na mwanafunzi mmoja aliyejifanya jasiri akatoka na tone la risasi limegandia kwenye kiatu. Kiatu, nashukuru.

Ila ninayoikumbuka zaidi ni salfa, maana nguo zangu zilinuka siku tatu. Mwalimu alipasha samli kwenye kikaango cha chuma, akatia salfa iliyopondwa, moto mdogo kabisa. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, kwa hiyo haikuchelewa. Ikawa kama asali. Pembeni palikuwa na chungu cha maziwa, mdomo wake umefungwa kitambaa kilichopakwa samli. Akamimina. Salfa ikapenya kitambaani, ikaangukia kwenye maziwa na kuganda papo hapo vipande vya manjano, samli ikabaki inaelea juu. Na juu ya kitambaa? Kichanga na vijiwe vyeusi. Akaviosha vile vipande kwa maji ya moto, akarudia kazi yote tena na tena mpaka zikatimia mara tatu.

Kile kichanga cha kitambaani ndicho kusafisha kwa maana yako na yangu. Uchafu ulikuwamo, umetolewa, umeonekana.

Zebaki nayo kuna namna moja inasafishwa kwa maana hiyohiyo. Walichukua hingula, jiwe jekundu la zebaki na salfa, wakalisaga na maji ya ndimu, wakalitia kwenye chungu na kukifunika kwa chungu kingine, vimekabana midomo, maungio yamezibwa kwa udongo na kitambaa. Chini moto, juu kitambaa kibichi kinacholowanishwa kila mara. Zebaki inapanda ikiwa mvuke, inagota kwenye chungu cha juu kilichopoa, inakuwa matone. Ni kukeneka, kama tulivyofundishwa shuleni. Wazee hao walikuwa wamekwisha kuorodhesha kasoro za zebaki ya sokoni, na mbili kati yake zina majina ya risasi na bati, kwa sababu zebaki huzimeza metali hizo na wachuuzi walikuwa wakiichakachua. Ukiikeneka, zinabaki chini. Mtu aliyegundua hayo bila maabara namvulia kofia. Mvuke wenyewe, lakini, ni sumu kali kwa anayeuvuta. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanaochoma zebaki wangekuwa na la kusema hapo.

Sasa tazama tofauti. Katika salfa, uchafu ni mchanga, na kinachobaki ni salfa. Katika zebaki, uchafu ni risasi, na kinachobaki ni zebaki. Katika risasi, unatarajia kinachobaki kiwe nini?

Fikiria mhogo mchungu. Bibi zetu walijua kuuloweka na kuuanika ukawa makopa, na sumu inapungua kweli, kwa sababu sumu ya mhogo ni molekuli: inavunjika, na sianidi inayotoka inaondoka na maji na hewa. Ayurveda nayo ina mhogo mchungu wake. Mizizi ya akoniti, wanayoiita vatsanabha, mmea wa kuua kabisa, hulowekwa kwenye mkojo wa ng'ombe au huchemshwa kwenye maziwa. Alkaloidi yake kali inavunjika na kuwa nyingine yenye sumu ndogo zaidi. Vipimo vya maabara vimeonyesha hivyo. Kazi hiyo nayo inaitwa shodhana, neno lilelile moja, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, wauzaji pamoja nao.

Risasi si molekuli. Ni elementi, yaani kitu cha asili kisichovunjika kuwa kitu kingine. Unaweza kuiunganisha na oksijeni ikawa oksidi, ukaiunganisha na salfa ikawa salfidi, ukaisaga mpaka iingie kwenye mistari ya vidole, lakini risasi imo. Moto wa kupika hauvunji elementi. Hata moto wa gajaputa, shimo la kuchomea bhasma, haufiki huko, ingawa ni moto wa kuogofya. Nikueleze kidogo, maana inafaa kuonwa. Ni shimo la mraba, karibu sentimita 90 kila upande na kina vilevile. Madini yaliyosagwa na utomvu wa mimea yanafinyangwa vidonge bapa, yanakaushwa, yanawekwa kati ya visahani viwili vya udongo vilivyofunikana na kuzibwa kwa kitambaa chenye udongo. Visahani vinazikwa katikati ya vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa, kama elfu moja kwa hesabu ya vitabu. Unawasha jioni. Hugusi mpaka shimo lipoe lenyewe, kesho yake au keshokutwa. Unafungua, unasaga tena, unarudi shimoni. Ulanga, yale mawe yanayobanduka kama kurasa za kioo, unaweza kupita humo mara 100, na ipo aina ya jivu lake inayodai mara 1,000. Ukilipa bei yake usishangae.

Tuje kwenye glasi ya maji. Kipimo hicho kipo vitabuni, kinaitwa varitara, na kina wenzake. Unaisugua poda kati ya kidole gumba na cha shahada: lazima ijae kwenye mistari ya ngozi isitoke. Unaiangalia juani: lazima isimetemete hata chembe moja. Ya shaba unaiweka juu ya mtindi: ukigeuka kijani, shaba bado haijaiva. Kilicho kigumu kuliko vyote kinaitwa apunarbhava, "isiyozaliwa tena": unaichanganya na samli, asali, sukari guru, magadi ya borax na mbegu za gunja, unaichoma kwa nguvu, na ikirudi kuwa metali inayong'aa, imefeli.

Vipimo hivi vina akili. Vinakuambia mambo mawili: chembe ni ndogo sana, na metali huru imekwisha au karibu. Varitara inakuambia la kwanza tu. Chembe ikiwa ndogo na kavu, ngozi ya juu ya maji inaibeba, kama inavyombeba mdudu wa dimbwini. Jaribu na poda ya watoto uone, nayo itaelea. Hakuna hata kimoja katika vipimo hivyo kinachouliza: hii ni elementi gani? Hakikuhitajika kuuliza, kwa sababu fundi aliyeitengeneza alijua alichotia shimoni. Mama yako hajui.

Na jambo moja la kuchekesha kidogo: jivu la dhahabu, la bei ya juu kuliko yote, linalosemwa kwamba halizaliwi tena, likiwekwa chini ya mashine za leo linaonekana kuwa dhahabu ileile ya metali, imekuwa chembe ndogondogo mno. Halina madhara makubwa kwa hilo. Ila ndiyo ujue "kuuawa" ni neno la kitabuni.

Nisiwaonee wazee hao, kwa sababu wao wenyewe hawakusema metali haina sumu. Kuna ubeti maarufu katika elimu hiyo unaosema, kwa maana yake, kwamba sumu si sumu, shaba ndiyo sumu, maana sumu ina kasoro moja na shaba ina nane: kutapika, kizunguzungu na nyinginezo. Walikuwa wanashughulika na kitu wanachokiogopa. "Haina sumu kabisa" ni lugha ya duka.

Tupige hesabu, nikichukulia mfano mbaya zaidi, kwamba poda ni naga bhasma, jivu la risasi, na kwamba yote ni salfidi ya risasi. Dozi moja ya kawaida ya vitabu ni ratti moja, kama miligramu 125. Katika salfidi ya risasi, asilimia 86 na ushee ya uzito ni risasi yenyewe. Hiyo ni kama miligramu 108 kwa kulamba mara moja, yaani mikrogramu 108,000. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani inatumia mikrogramu 8.8 kwa siku kama kipimo cha tahadhari kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Mtetezi wa bhasma atasema salfidi haiyeyuki vizuri, nyingi inatoka na choo. Ni kweli, na ndiyo hoja yake nzuri kuliko zote; ya salfidi ya zebaki ni hivyohivyo, nayo inafyonzwa kidogo sana ukilinganisha na chumvi nyingine za zebaki. Lakini ukianza na laki moja na ushee, "kidogo" bado ni kingi, na tumboni kuna asidi inayofanya kazi saa zote. Halafu hiyo ni poda iliyopikwa vizuri. Iliyopikwa nusunusu ina oksidi na metali huru ndani yake, na kwa macho zinafanana.

Si nadharia. Mwaka 2004 daktari Robert Saper wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti wa bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha utafiti mwingine wa bidhaa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na safari hiyo wakazitenga. Za rasashastra, zilizotiwa madini makusudi, asilimia 40.6 zilikutwa na metali hizo. Zilizodaiwa kuwa za mitishamba tu zilikuwa asilimia 17.1. Hiyo namba ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu mnunuzi wake hakuambiwa kitu. Na mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa ya wajawazito sita wa jiji la New York waliokutwa na risasi nyingi damuni, wote walikuwa wakitumia dawa za Ayurveda kutoka nje.

Serikali ya India yenyewe haifumbi macho. Kwa dawa za mitishamba ukomo wa risasi ni sehemu 10 kwa milioni, aseniki 3, zebaki 1, kadmiamu 0.3. Dawa zenye vitu vilivyo kwenye orodha ya sumu lazima ziwe na onyo kwenye lebo kwamba zitumike chini ya usimamizi wa tabibu. Poda ya mama ina lebo ya namna hiyo? Ina jina la kiwanda, namba ya leseni, namba ya toleo? Kama imefungwa kwenye karatasi au kikopo chenye kibandiko cha mkono, haikupita kwenye mlango wowote kati ya hiyo, wa kule wala wa huku.

Wala sijasema ni risasi. Inaweza kuwa bati. Inaweza kuwa makombe ya baharini yaliyochemshwa kwenye ndimu na kuchomwa, ambayo mwisho wake ni chokaa na haimwumizi mtu sana. Kijivu hakisemi kitu. Jivu la shaba huwa jeusi, la chuma jekundu la tofali, na wakichanganya rangi zinapotea. Hata wanja tunaoununua kwa jina la surma au wanja wa manga, baadhi ukipimwa ni salfidi ya risasi, na nao unapendeza tu machoni.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mama aende hospitali ya rufaa, amweleze daktari wazi kwamba ametumia poda ya madini ya India, tangu lini na kiasi gani, na aombe kupimwa risasi kwenye damu, pamoja na wingi wa damu na figo. Kipimo cha risasi hakipo kila hospitali, kwa hiyo aulize mapema sampuli inapelekwa wapi. Daktari amuulize tumbo la kusokota, choo kigumu, ganzi za mikono, usahaulifu. Kwa umri wake ni muhimu, kwa sababu risasi hujificha mifupani miaka mingi, na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi mifupa yake inapungua na kuirudisha damuni. Ikionekana ipo juu, dawa za kuitoa zipo, za hospitali. Msimpe "dawa ya kusafisha damu" juu yake. Tumetosheka na kusafisha.

Poda msiitupe. Ikae kwenye pakiti yake, ndani ya mfuko mwingine uliofungwa, mbali na mtoto na mbali na jiko. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kupima metali zilizomo, na daktari akiandika barua mambo huenda haraka zaidi. Kijiko na glasi mliyofanyia jaribio la kuelea vioshwe vizuri, maji yake yamwagwe chooni.

Wewe hujaionja, kwa hiyo endelea kunyonyesha bila wasiwasi. Na kama kuna siku ulionja ukasahau kuniandikia, usiache kunyonyesha kwa hofu: pimwa, daktari aamue kwa namba atakayoiona. Mtoto asilambishwe kitu chochote cha namna hii. Nasema hivyo kwa sababu India wapo wanaolambisha watoto jivu la dhahabu kwa samli na asali, na jirani mwenye nia njema anaweza kuja na wazo hilo. Asali yenyewe, bila dhahabu, haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa ajili ya vijidudu vya botulizimu.

Magoti ya mama ni habari ya kweli na yanastahili daktari wa viungo, msimwache na maumivu eti mmemnyang'anya dawa. Na ukimwendea, usianze na neno sumu. Jirani ni rafiki yake, poda ilisafiri mbali, na yeye aliipima kwenye glasi kama alivyoelekezwa. Mwambie hospitali wanataka kuiona pakiti, basi, na umshike mkono mpande daladala pamoja.